Bei ya kwenye simu si bei ya shambani

Wazee wetu walisema rahisi inavunja upishi. Msemo huu nimeusikia jikoni kwa mama tangu utotoni, nikidhani unahusu samaki na mchele peke yake. Mwaka huu nimeujua maana yake kando ya mto Sabaki, nikiwa nimesimama mbele ya pampu ya maji iliyokufa ikiwa na umri wa dakika 40.

Mjomba wangu analima nyanya na mabamia kwenye ekari moja na nusu, si mbali na Malindi. Pampu yake ya zamani ilichoka Januari, katikati ya kaskazi, jua kali na mto uko chini. Akauza mbuzi watatu, akanitumia pesa kwa M-Pesa, akanipigia: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nitafutie pampu nzuri."

Nikaenda kwanza kwenye duka la zana tulilozoea. Pampu ya petroli ya inchi mbili, shilingi 29,000. Nikatoka nje, nikafungua simu. Pampu yenye picha ile ile, rangi ile ile, shilingi 21,500, italetwa hadi ofisi ya mabasi Malindi. Tofauti ni shilingi 7,500. Nakiri kwamba moyoni nilimwita mwenye duka mwizi. Nikalipa kwa simu, na siku ya nne mzigo ukafika.

Mtoto wa mjomba akaifungua, akatia petroli, akavuta kamba. Ikawaka mara moja, maji yakatoka, watu wakashangilia. Baada ya dakika 40 ikakohoa, ikazima, na kamba ikawa haivutiki tena. Tukaibeba hadi kwenye lile duka nililolikimbia. Mwenye duka hakuigusa hata. Aliuliza swali moja tu.

"Mlitia oili?"

Tukatazamana. Hakuna aliyetia oili. Injini nyingi za aina hii husafirishwa zikiwa kavu, na mnunuzi ndiye anayetakiwa kutia oili kabla ya kuwasha. Kijitabu kilikuwa ndani ya boksi, kwa Kichina na Kiingereza kidogo, na hakuna aliyekisoma. "Kwangu mimi," alisema mzee yule, "mashine haitoki mlangoni mpaka fundi aitie oili, aijaze maji, aiwashe mbele yako, kisha uiwashe wewe mwenyewe." Hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji kusema.

Nilimpigia muuzaji wa kwenye simu. Mara ya kwanza alipokea, akaniambia dhamana haihusu kosa la mtumiaji. Mara ya pili ujumbe wangu ulisomwa, haukujibiwa. Mara ya tatu namba haikupatikana. Risiti sikuwa nayo. Nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu nisiyemjua.

Hesabu ikawa hivi. Pampu iliyokufa, 21,500. Fundi wa kuifungua na kutuambia kwamba pistoni imeshikana na silinda na spea za aina ile hazipatikani Malindi, 3,500. Pampu mpya ya dukani, ambayo ilibidi tuinunue hatimaye, 29,000. Jumla shilingi 54,000, na siku 11 bila maji wakati nyanya zinatoa maua. Karibu nusu ya maua yalianguka.

Ningeweza kuishia hapa, nikakuambia msomaji usinunue mashine kwenye simu. Lakini huo si ushauri wa mwaka huu. Watu wetu wananunua na wataendelea kununua, na wengine wananufaika. Linalonishughulisha ni zile shilingi 7,500. Zilitoka wapi? Nani hakulipwa ndipo mimi nikapata nafuu ile?

Mwenye duka ana jibu lake, na alinipa pamoja na risiti. Bei ya pampu 25,000, ushuru wa VAT asilimia 16 ni 4,000, jumla 29,000. "Hizi elfu nne si zangu," aliniambia. "Mimi ni karani wa Serikali tu. Yule jamaa wa kwenye simu hazikati. Sasa nishindane naye vipi?"

Hoja hii utaisikia kwa wenye maduka Mombasa, Kilifi hadi Taveta, na ina ukweli ndani yake. Lakini nilipokaa nikapiga hesabu, niliona si ukweli wote. VAT hailipwi mara moja. Tuseme, kwa mfano, mwenye duka aliinunua pampu ile kwa mwagizaji kwa shilingi 18,000, akaongezewa VAT ya 2,880. Anapoiuza na kunitoza 4,000, anaruhusiwa kuondoa zile 2,880 alizokwisha kulipa, na anapeleka KRA shilingi 1,120 tu. Muuzaji wa kwenye simu ambaye hajasajiliwa kwa VAT, akinunua kwa mwagizaji yule yule, naye atalipa 20,880 pamoja na ushuru, ila hataweza kudai chochote kirudi. Kwa hivyo faida anayoipata kwa kutotoza VAT ni zile 1,120, si 4,000 nzima.

Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Kama naye alinunua kwa 20,880, akaniuzia kwa 21,500, alibakiwa na shilingi 620 kabla ya kulipia usafiri. Hakuna mfanyabiashara anayelisha watoto kwa 620. Basi inawezekana mashine haikuwa ile ile ingawa picha ilikuwa ile ile. Au inawezekana njiani kuna ushuru ambao haukulipwa sawasawa.

Bidhaa inayoingia bandarini hutozwa kulingana na thamani iliyoandikwa kwenye karatasi za forodha. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha pale unapohusika, kuna ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5, kuna tozo ya reli ambayo tangu mwisho wa Desemba 2024 ni asilimia 2, na kuna VAT. Ukiandika thamani nusu, vyote hivyo vinapungua kwa pamoja. Na mzigo ukija umechanganywa na wa watu wengine ndani ya kontena moja, anayeagiza akilipishwa kwa kilo, mnunuzi wa mwisho hana njia ya kujua kilichoandikwa kwenye karatasi. Simtuhumu aliyeniuzia, kwa sababu sijui. Lakini mwagizaji aliyetangaza thamani kamili hawezi kushindana na aliyetangaza nusu, hata awe na mafundi kumi.

Sheria yenyewe imeacha nafasi kwa wadogo, na ni haki iwe hivyo. Anayelazimika kujisajili kwa VAT ni mwenye mauzo yanayotozwa ushuru ya kuanzia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa pampu za 21,500, hiyo ni pampu 232 na bado uko chini ya kiwango. Mama anayeuza pampu mbili kwa wiki kupitia kundi la WhatsApp hana kosa lolote hapo. Anayeuza tano kila wiki, mwaka mzima, ameshavuka. Tatizo ni kwamba kwenye simu wote wawili wanafanana. Wa tano kwa wiki anaweza pia kugeuka watu watatu, majina matatu na namba tatu. Mwenye duka la Malindi hawezi kujificha hivyo. Ana ukuta, ana bango, ana kibali cha kaunti anachokilipia kila mwaka, na afisa wa KRA anajua pa kumkuta.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani walivutana nalo kwa miaka mingi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye ushuru wa mauzo ikiwa hana duka, ghala wala wafanyakazi ndani ya jimbo hilo. Wakati ule iliyolengwa ilikuwa biashara ya kuagiza kwa posta. Intaneti ilipokuja, mwanya ukawa mlango. Mwenye duka mjini anatoza ushuru, na anayeuza kutoka mbali hatozi. Mnunuzi kisheria alitakiwa aulipe mwenyewe kwa jimbo lake, lakini wachache sana walifanya hivyo. South Dakota, jimbo la wakulima lisilotoza kodi ya mapato kwa wakaazi wake na ambalo kwa hivyo linategemea sana ushuru wa mauzo, likaipeleka mahakamani kampuni ya Wayfair inayouza fanicha kwa intaneti. Juni 2018, kwa majaji 5 dhidi ya 4, jimbo likashinda. Sheria ya South Dakota iliwagusa wauzaji wa nje waliofikisha mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka ndani ya jimbo. Wadogo waliachwa.

Kwetu mambo yamepangwa tofauti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali ya Kitaifa peke yake uwezo wa kutoza VAT, kwa hivyo Kilifi haipotezi VAT kwa Nairobi kama South Dakota ilivyopoteza. Tunachopoteza Pwani ni kingine: kodi ya duka, kibali, kijana aliyeajiriwa kama fundi, na rafu yenye spea. Duka moja la zana likifungwa Malindi, mkulima wa Marafa au Garsen hapotezi bei tu. Anapoteza mahali pa kukimbilia injini inapozima msimu ukiwa katikati.

Sasa niwageukie wenye maduka, maana nao wana yao. Miaka mingi walikuwa peke yao, na bei ilikuwa ile waliyoitaja. Wapo waliomuuzia mkulima pampu bila kumuuliza mto uko umbali gani na shamba lake, ilhali pampu ya juu ya ardhi haifyonzi maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 au 8, hata ukiiwekea mpira mrefu kiasi gani. Wapo wanaosema "spea zimekwisha" ili ununue mashine mpya. Wapo ambao mwanamke akiingia dukani humuuliza mume wake yuko wapi. Rafiki yangu mmoja wa Kwale, mfuga kuku, aliagiza mashine ya kuangulia vifaranga kwa simu baada ya kudharauliwa dukani mara mbili. Inafanya kazi mpaka leo, na aliokoa maelfu. Kumwambia mama huyu kwamba alikosea ni kumtukana. Ushindani wa simu umewafanya wenye maduka wengi washike adabu, na mimi nashukuru.

Halafu kuna anayesahaulika kila mara katika mjadala huu wa usawa wa ushuru. Ni mjomba wangu. Mazao ya shambani yasiyosindikwa, kama nyanya zake, yamesamehewa VAT. Linasikika kama jambo jema, na kwa mnunuzi wa Kongowea ni jema. Lakini kwa kuwa anachouza kimesamehewa, mkulima hawezi kudai VAT aliyolipa aliponunua pampu. Kiwanda kinachosindika bidhaa inayotozwa ushuru kikinunua pampu kama ile, kitazirudisha zile 4,000 kwenye hesabu zake. Mjomba hana pa kuzirudisha. Zimekaa mgongoni mwake, na atazitafuta kwenye bei ya debe la nyanya, bei ambayo hata hivyo hupangwa na dalali. Zipo mashine za kilimo zilizosamehewa na zipo zinazotozwa, na kila Mswada wa Fedha unaweza kuibadilisha orodha. Mkulima wa kawaida hajui yake iko upande gani mpaka asome risiti.

Wapo watakaonijibu: kwa nini tuwatete wanaotoza ushuru, ilhali tunajua unavyoliwa? Nawaelewa. Juni 2024 vijana walijaa barabarani nchi nzima, damu ikamwagika, na Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Hasira ile haijaisha. Lakini angalia nilivyonaswa mimi. Nilinunua mahali pasipo na ushuru, na ndipo hapo hapo nilipokosa mtu wa kumshika. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina vifungu kuhusu mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji atoe maelezo kabla ya kufunga mkataba. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi za hadi shilingi milioni 1, bila kukulazimisha kuweka wakili, na imewekewa siku 60 za kutoa hukumu. Yote hayo yapo. Mimi ningemshtaki nani? Sina jina la biashara, sina PIN, sina anwani. Aliyejificha KRA isimwone alikuwa amejificha mimi pia nisimwone.

Kwa hivyo risiti ya eTIMS ambayo tunaikwepa ili kuokoa mia mbili tatu ni kitambulisho cha aliyekuuzia. Fiqhi yetu tangu zamani inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa yenye aibu aliyofichwa. Lakini huwezi kumrudishia mtu usiyejua anakaa wapi.

Mapendekezo yangu ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji tume.

Kwanza, majukwaa ya kuuzia yamlazimishe kila muuzaji wa mashine kuonyesha jina la biashara na PIN kabla mnunuzi hajalipa, na atoe risiti. Aliye chini ya milioni 5 asitozwe VAT kama sheria inavyosema, lakini ajulikane. KRA nayo ianze na thamani za bandarini kabla ya kumkimbilia mama wa WhatsApp.

Pili, wenye maduka watenganishe bei. Andikeni kwenye bango: mashine kiasi hiki, kuifunga na kumfunza mteja kiasi hiki, huduma ya miezi sita kiasi hiki. Mkulima ataona analipia nini. Na anayekuja na mashine ya kwenye simu asifukuzwe wala asichekwe. Mtozeni ada ya haki ya kuikagua. Mimi ningelipa hata 1,500 kwa furaha kama fundi angeitazama pampu ile kabla haijawashwa. Hiyo ni biashara iliyolala, na mnaipita kila siku.

Tatu, wabunge wetu wa Pwani wakati wa Mswada wa Fedha waulize jambo moja kwa niaba ya wakulima: kwa nini mwenye ekari moja abebe VAT ya pampu ambayo kiwanda hakiibebi? Kusamehe mashine peke yake hakutoshi, kwa sababu muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa naye hawezi kudai VAT aliyolipa, na ataificha ndani ya bei. Kinachosaidia ni kiwango cha sufuri kwa zana ndogo za umwagiliaji, ili anayeuza adai chake na mkulima apate bei safi. Mwanya wa udanganyifu utakuwepo, kweli, kwa hiyo kiwango hicho kiwe kwa mashine za ukubwa maalum na zenye risiti.

Nne, sisi wanunuzi. Kabla ya kubonyeza, uliza: ina oili ndani? Spea zake zinapatikana mji gani? Ikikwama, nani ataishika na kwa dhamana ya muda gani? Niandikie. Asiyekujibu kabla ya kupokea pesa hatakujibu baadaye. Na vyama vyetu vya ushirika vikiagiza pampu kumi kwa pamoja, vinaweza kupunguziwa bei dukani na kwenye simu pia, na kumlipa kijana mmoja wa chuo cha ufundi azikague zote.

Ile pampu iliyokufa iko kwangu, chini ya ngazi. Mjomba alikataa kuichukua, akasema niitazame kila ninapotoka. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimemwambia nitamlipa zile 21,500 kidogo kidogo, naye ananijibu tu, "Mungu atalipa, mwanangu. Wewe nisomee kile kijitabu." Inshallah nitalipa. Na kijitabu cha pampu mpya nimekisoma chote, nikamwandikia kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Mstari wa kwanza niliuandika kwa herufi kubwa: TIA OILI KWANZA.